Hodi Penye Mulamula

Bi Siti alituambia mapema, kabla gari halijawashwa, kwamba yeye hakuja kuona twiga.

"Twiga nitawatazama kwa kuwa wapo njiani," alisema, huku mwanawe Najibu akimsaidia kupandisha mguu garini. "Mimi nakwenda kwenye kaburi la bibi yangu, mzaa mama. Yuko hukohuko ndani, kwa hao wanyama wenu."

Wilbert, dereva wetu, alinitazama kupitia kioo. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri na ukungu wa ziwani ulikuwa bado umelalia mabati ya Bukoba. Ratiba nilikuwa nayo mkononi, nimeiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu: matanuri ya kale ya chuma upande wa Kanazi, chakula Muleba mjini, mchana hifadhini kupitia Kimwani, saa kumi na mbili jioni tuwe nje ya geti. Kaburi halikuwemo.

"Mwalimu," Wilbert akaniita. Ndivyo alivyoniita tangu nijiunge na kampuni ya kutembeza watalii, mwalimu wa jioni, kwa kuwa elimu yangu niliipata jioni. "Mwambie mgeni wako ratiba inasemaje."

Nikamwambia. Bi Siti alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mkoba wake mweusi.

"Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Haya, twende."

Ilikuwa safari yangu ya kwanza kuongoza peke yangu. Siku zote nilikaa kiti cha nyuma nikijifunza kwa wengine, na leo Wilbert alipewa kazi mbili, kuendesha na kunisikiliza. Niliacha shule kidato cha tatu kwa sababu ya mimba. Baadaye nikarudi darasani saa za jioni, Georgina akiwa mgongoni, na alipokuwa mzito nikawa namlaza chini ya dawati juu ya kanga. Kidato cha nne nilikimaliza hivyo, na kozi ya kuongoza watalii nikaimaliza hivyo. Mwalimu alikuwa akisema darasa letu lina wanafunzi kumi na wanne na nusu.

Najibu alikuwa amenivuta pembeni pale dukani kwake, anapouza vitambaa, kabla mama yake hajatoka.

"Macho yake yana presha," aliniambia. "La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kama tundu la ufunguo, anachungulia. Daktari anasema mwisho wa mwaka huenda nalo likafunga. Usimwahidi kitu, dada Evelyne." Akafikiri. "Lakini usimnyime pia."

Niliitikia kwa kichwa kana kwamba hayo mawili yanawezekana kwa pamoja.

*

Kule kwenye matanuri tulipokewa na Judica, mama wa makamo anayetunza lile eneo. Alikuja na buti za mpira na panga mkononi, umande umemlowesha mpaka magotini. Alitusalimia Kihaya, kisha alipoona hijabu ya Bi Siti akarudia kwa Kiswahili. Bi Siti akamjibu kwa Kihaya. Wakacheka wote wawili.

Nilisimama mbele ya mashimo yale yaliyoezekwa bati nikasema yote niliyoyakariri. Kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita watu wa hapa waliyeyusha chuma. Kwamba walijenga tanuri kwa udongo, wakapuliza moto kwa mivukuto, na mkaa wao ulikuwa wa miti iliyojaa milima hii. Sauti ilinitetemeka mwanzoni, halafu ikatulia. Wilbert alikuwa ameegemea nguzo, anachokonoa meno, lakini anasikiliza.

Judica akaokota kipande cheusi akamwekea Bi Siti kiganjani. "Haya ndiyo mavi ya chuma," akasema.

Bi Siti akalipima lile jiwe mkononi. "Kumbe chuma nacho kinakwenda chooni?"

"Waitu, kila kinachokula moto kinakwenda."

Bi Siti alilisogeza usoni, akalizungusha mpaka likaingia kwenye lile tundu lake la kuonea, akalitazama muda mrefu kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumwona. Nikasimama namtazama yeye. Niliwaza, huyu anaweka akiba.

Ndipo Najibu akauliza walijuaje kwamba watu walikaa hapa zamani zote hizo, wakati nyumba hazipo.

"Vitu vya chini wamevifukua wataalamu," Judica akajibu. "Vya juu sisi tunavisoma kwenye mulamula." Akaelekeza panga kwenye mti mwembamba, mrefu, wenye majani kama visu yaliyokusanyika kileleni. "Mgomba ukikosa mtu miaka michache umekwisha, nyani wanamaliza. Mulamula haufi. Nyumba itaanguka, watu watahama, wenyewe upo umesimama. Ila lazima ujue kuusoma, kwa sababu kuna ule wa—"

Simu yangu ikalia. Mama yangu, kutoka Kagoma, ambako nilimwacha Georgina. Nikasogea pembeni. Mtoto amegoma uji, mama akasema, analilia ziwa, na mimi nilivyosikia ile sauti nyuma yake blauzi ikaanza kulowa. Nilizungumza dakika mbili, labda tatu. Niliporudi Judica alikuwa anamalizia: "...ndiyo tofauti yake, basi." Najibu alikuwa ameshageukia picha zake kwenye simu.

Sikuuliza. Kiongozi haulizi mbele ya wageni, ndivyo nilivyofikiri. Niliandika tu kwenye daftari: *mulamula, dalili ya makazi ya kale.* Mimi sikukulia kwenye kibanja, shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo katikati. Mama yangu amepanga chumba Kagoma senta tangu sijazaliwa, anauza nguo za mitumba, na shamba letu ni ndoo tatu za maua mlangoni. Mulamula nilikuwa nauona kama kila mtu anavyouona, bila kuutazama.

*

Tulipokaribia Kagoma Bi Siti alisema, "Simamisha gari."

"Chakula ni Muleba mjini, bibi," Wilbert akasema.

"Sisemi habari ya chakula. Huyu binti amekaa amejikumbatia tangu Kanazi, unadhani anasikia baridi? Mtoto wake yuko wapi?"

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Wilbert akanitazama kwenye kioo, safari hii bila dharau, akapunguza mwendo.

Nilimnyonyesha Georgina nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mama, gari likiunguruma barabarani. Bi Siti aliteremka akaingia ndani kabisa, akakaa kwenye kitanda cha mama kana kwamba wamejuana miaka. Mtoto aliposhiba akaomba apewe. Alimshika kidevu akamgeuza taratibu, kushoto, kulia, mpaka kile kijiuso kikakaa sawa.

"Hapo," akasema. "Sasa nimekuona."

Nadhani ni pale nilipoamua kwamba kaburi lake litapatikana, liwe kwenye ratiba lisiwe. Najua sasa kwamba uamuzi wa namna hiyo una hatari zake.

*

Getini alipanda askari wa hifadhi, mwanamume wa makamo aitwaye Kashaija, mwenye bunduki na saa kubwa ya mkononi. Tukaingia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili zilizopita na nyasi zilikuwa zimerefuka. Milima inashuka, inapanda, halafu ghafla ziwa chini kabisa, limenyooka kama bati.

Kazi yangu hapo ilikuwa tofauti na tulivyofundishwa. Tulifundishwa kusema, kwa namba za uso wa saa, "saa tatu" kwa mnyama aliye kulia na "saa tisa" kwa aliye kushoto. Kwa Bi Siti hilo halikusaidia, kwa sababu mpaka ageuke atafute, mnyama kaondoka. Nikajifunza kumshika kidevu kama yeye alivyomshika mwanangu. "Samahani, bibi." Namsogeza kidogo. "Hapo."

"Naona shingo tu."

"Ndiyo twiga mwenyewe, bibi. Fuata shingo ushuke."

"Maskini, imekwenda mpaka wapi? Ah. Nimefika mabegani."

Hivyo ndivyo tulivyowaona, kwa vipande. Twiga saba. Pongo mmoja aliyesimama kando ya kichaka, mabaka meupe ubavuni, akatutazama kisha hakuwepo. Viboko kule ziwani walionekana kama mawe, na Bi Siti alisubiri mpaka jiwe moja lilipopiga mwayo. Najibu hakupiga picha tena. Alikuwa amekaa nyuma ya mama yake, mkono juu ya bega lake.

Saa kumi ikapita. Bi Siti akasema, "Sasa twendeni kwangu."

Wilbert akazima gari. Akageuka mzima mzima. "Bibi yangu, hifadhi hii ni kubwa. Unakumbuka nini, hasa?"

"Nilikuwa na miaka sita. Bibi alifariki, mama akanileta. Tulitoka Bukoba kwa lori la mzigo mpaka Kimwani, tukatembea. Kilima kina vichwa viwili. Ziwa liko kushoto ukipanda. Na kaburi lilikuwa chini ya mulamula. Mama alikaa chini ya ule mti akalia, mimi nimeshikilia shina. Hilo silisahau. Baadaye mwaka huohuo mbung'o walizidi, watu wakaugua malale, wakahama wote. Hatukurudi tena."

Nikadhani ndiyo mwisho. Halafu Kashaija, ambaye tangu getini alikuwa hajasema maneno ishirini, akajikuna shingo.

"Kuna sehemu sisi kwenye doria tunaiita Kwa Wazee," akasema. "Kilima cha vichwa viwili. Ina milamula na mibuni imekuwa miti kabisa. Dakika ishirini kwa gari. Ila kushuka garini naruhusu dakika kumi tu, na hatua si nyingi. Nyati wanalala mle kwenye vichaka."

Wilbert akatazama saa yake, akatazama ya Kashaija, akanitazama mimi. "Mwalimu. Ni safari yako. Unasemaje?"

"Twende," nikasema.

*

Barabara iliishia kwenye mteremko. Mti ulikuwa palepale karibu na njia, shina lake limepinda kidogo, majani yake yanachezacheza juu. Nyuma yake nyasi zilipanda mpaka kwenye giza la vichaka. Vile vichwa viwili vya kilima vilikuwa juu yetu na ziwa lilikuwa kushoto.

"Huu hapa, bibi!" nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Hapa ndipo. Kaburi la bibi yako lilikuwa hapa."

Sikuwa na shaka hata kidogo. Mulamula ni dalili ya makazi ya kale, nilikuwa nimeandika.

Bi Siti alivua viatu. Najibu akamfikisha. Alilishika lile shina kwa mikono miwili, akalipandisha na kulishusha kama anayempapasa mtu mgongo, kisha akaachia, akainua viganja na kuanza kumwombea bibi yake dua. Najibu naye akainua viganja. Hata Wilbert alivua kofia. Alinitazama kwa mbali akainamisha kichwa kidogo, namna ya kusema umeweza, na mimi nikainua uso kwa furaha nipumue.

Ndipo nilipouona mulamula wa pili.

Ulikuwa hatua kama thelathini upande wa kulia. Baada yake kulikuwa na wa tatu, mbali zaidi, na wa nne, mmojammoja, imefuatana ikikata mteremko kama vigingi vya uzio ambao waya wake umeondolewa. Nikaliona lile panga la Judica asubuhi, lilivyoelekea mti mmoja wa mstari kama huu, ulioshuka mpaka barabarani. Na nikakumbuka kwamba kulekule, karibu na matanuri, kulikuwa na kikundi cha milamula mitatu imebanana, na mawe yamezungushwa, ambapo Judica alipita kwa kuzunguka wala hakukata nyasi zake. Tofauti yake, basi.

Huu haukuwa mti wa kaburi. Huu ulikuwa wa mpaka. Bi Siti alikuwa anamwombea bibi yake kwenye kona ya shamba.

Ningeweza kunyamaza. Nasema ukweli, nilinyamaza kwa muda. Nilihesabu kwamba hakuna atakayejua. Macho yake yatafunga mwisho wa mwaka na yatafunga juu ya picha hii, mti na mwanga wa jioni, na mimi nitakuwa nimemfanyia jambo jema. Najibu alikuwa analia kimyakimya. Ningemwambia nani, na ili iweje?

Lakini nikamkumbuka amemshika Georgina kidevu, akimgeuza mpaka amwone kweli. Hakukubali kuona kivuli tu akasema nimeona.

Nikasubiri mpaka aliposema amina.

"Bibi," nikasema. "Nimekosea."

Akageuza uso kunitafuta.

"Huu ni mulamula wa mpaka. Ipo mingine kwenye mstari, naiona. Wa kaburini haukai hivi. Kaburi litakuwa ndani, huko juu, nyumba ilikokuwa. Asubuhi nilielezwa tofauti, nikawa kwenye simu, sikuuliza. Nisamehe."

"Mungu wangu, dada!" Najibu akasema. "Si ungeacha tu? Huoni alivyokuwa?"

"Mwache," akasema Bi Siti. Halafu kwangu, bila hasira, kama anayemsaidia mtoto hesabu: "Lakini ndio huu, mwanangu. Mimi nilikuwepo. Hapa kuna jiwe bapa, mama alilikalia." Akapapasa kwa mguu kwenye nyasi. Mguu ukagota. Jiwe lilikuwepo. "Unaona? Mama alikaa hapa. Mimi nimesimama hivi, nimeshika mti. Wakaja wanawake wawili kutoka kule juu, wametuletea ndizi kwenye jani na maharage, tukala hapahapa mama akiwa analia, na..."

Mkono wake ukatafuta shina.

Upepo ulipita kwenye majani. Kule vichakani ndege mmoja alilia akaacha.

"Walituletea," Bi Siti akasema tena, polepole. "Evelyne. Kwenu, binti wa marehemu akifika msibani, hupewa wapi chakula?"

Sikutaka kujibu. "Ndani, bibi. Anakaa kwenye nyasi zilizotandikwa, pamoja na wenzake."

"Si barabarani."

"Si barabarani, bibi."

Alikaa kwenye lile jiwe. Mkoba aliuweka magotini. Alianza kusema kwa sauti ndogo, mara kwangu, mara kwa mwanawe, na mara nadhani si kwa yeyote kati yetu. Mama yake alizaliwa juu ya kilima hiki, akabatizwa, akapendwa na mfanyabiashara Mwislamu wa Bukoba, mtu ambaye baba yake alitoka pwani. Akamfuata. Baba yake binti akasema asikanyage tena kibanja chake, na alikuwa mtu wa neno moja. Hayo Bi Siti aliyajua. Lakini mama yake alimwambia pia, miaka yote, mpaka anakufa: tulikwenda tukamzika bibi yako. Wewe ulikuwepo. Ulishika mti.

"Miaka sitini na saba nimesimulia kwamba nililiona kaburi," akasema. "Nimewasimulia wanangu. Kumbe tuliishia hapa. Hawakumruhusu kuvuka. Alimlilia mama yake akiwa nje kama mgeni wa mtu mwingine, na mimi kidogo hivi nikadhani ndiyo mazishi."

Najibu alipiga magoti mbele yake. "Mama, hukujua."

"Alijua mama yangu. Akanifichia."

Kashaija akakohoa. "Dakika nne," akasema, na niliona hakupenda kuisema.

"Kaburi nitaliona?" Bi Siti akamwuliza.

"Hapana, bibi. Siwezi kukupeleka mle. Kuna kinyesi kibichi cha nyati hapa mbele, hata wewe unakisikia harufu. Naweza kukuruhusu hatua chache kuvuka mti, basi."

Nilijua hapo kwamba alichokijia amekikosa, na kwamba jua lile likizama hakitakuwepo tena kwa ajili yake. Nilitaka kusema tutarudi. Nikakumbuka Najibu alivyoniomba nisiahidi.

Bi Siti akasimama. "Nionyeshe ndani ni upande gani."

Nikamshika kidevu, nikamgeuza kuelekea juu, kwenye mibuni ile ya zamani iliyorefuka mpaka ikawa msitu, ikiwa na punje nyekundu ambazo hakuna aliyezichuma. "Hapo, bibi. Njia ya nyumbani nadhani ilipita hapo katikati."

Alitazama. Alitengeneza hijabu yake, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama sawasawa na mulamula, vidole vya miguu vikikaribia mstari ambao haukuwepo tena.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Najibu aliinamisha kichwa. Bi Siti alisubiri, kama mtu anavyosubiri mlangoni, bila haraka, akijua wenyewe labda wako uani.

"Hodi jamani. Ni mjukuu. Nimekuja na mama."

Sijui kama nilikuwa na haki. Kibanja si changu, ukoo si wangu, hata kibanja cha kwetu sina. Lakini kati ya sisi wanne tuliobaki mimi peke yangu nilikuwa mwanamke wa Kihaya mwenye mtoto, na hodi ya pili haikuweza kuachwa ikae hewani namna ile. Nikazunguka nikavuka mpaka, nikasimama upande wa ndani, nikageuka nikamtazama.

"Taaha, mae," nikasema. Ingia, mama. "Taaha, karibuni nyote."

Bi Siti akainua mguu juu sana, kama anavuka kizingiti, akauweka chini ng'ambo ya pili.

Nilitaka kumtandikia. Nyumba ya msiba hutandikwa nyasi, hilo hata mtoto wa chumba cha kupanga analijua. Nikainama nishike nyasi, Kashaija akasema, "Dada, humu hairuhusiwi kung'oa kitu."

"Sing'oi," nikasema. "Ninalaza."

Nikazilaza kwa mguu, kwa mikono, huku na huku. Yule askari alinitazama kidogo, bunduki begani, jicho moja kwenye vichaka. Halafu akaja na buti zake akakanyaga upande wa pili, akalaza zaidi kuliko mimi. Palipatikana kama mkeka mdogo. Bi Siti akakaa, akanyoosha miguu mbele wanavyokaa wafiwa, na Najibu akakaa karibu yake. Alifungua mkoba akatoa kikaratasi cha kahawa za kutafuna, zile tunazogawiana kwetu mgeni akiingia. Alitupa sisi sote punje mbilimbili, Wilbert pia, aliyekuwa amefika na kofia yake mkononi. Zake mbili hakuzitafuna. Alizifukia ardhini kwa kidole.

Tulitafuna. Ile kahawa ilikuwa chungu.

"Dakika moja," akasema Kashaija. Baada ya muda mrefu akasema tena, "Dakika moja." Alikuwa ameshusha mkono wa shati lake juu ya ile saa.

*

Getini tulifika kumi na mbili kasoro dakika tano. Kuna fomu ambayo kiongozi huijaza kabla ya kutoka, vitu vilivyoonekana, na askari husaini na kugonga muhuri. Nikaiweka juu ya boneti nikaandika: twiga saba, pongo mmoja, viboko hawakuhesabika. Chini ya hapo pana nafasi ya maeneo ya kale. Niliandika matanuri. Kisha nikaandika: *kibanja kimoja, Kwa Wazee.*

Wilbert alikuwa anasoma juu ya bega langu. Nikasubiri aniite mwalimu.

"Kibanja cha nani?" akauliza. "Andika jina, Evelyne. Kibanja kina mwenyewe."

Nilikuwa sijui. Nikaenda dirishani kwa Bi Siti. Alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Kokushubila," akasema. "Bibi yangu aliitwa Kokushubila. Na mwanawe, mama yangu, aliyerudi leo, Kokubanza. Waandike wote wawili."

Niliandika.

"Umeandika kubwa?"

Nikatazama. Yalikuwa maandishi yangu ya kila siku, madogo, ya mtu aliyezoea kubana daftari. Nikageuza fomu. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, nikayaandika upya majina yale mawili kwa herufi kubwa, nikizipitia na kalamu mara mbili mbili mpaka zikawa nene. Kashaija alisubiri na muhuri wake.

Mwanga ulikuwa bado unatosha. Niliinua ile karatasi mbele yake, mkono wangu mwingine nikamshika kidevu, nikamsogeza kushoto kidogo, na kidogo tena.

"Hapo," akasema Bi Siti, na akaanza kusoma.